Watoto wa Fundi Paa Hawaendi Hamburg

Saa moja na nusu asubuhi, Wiebke Harmsen yuko juu ya paa la ghala la zamani mjini Leer, mita kumi na nne kutoka chini, anang'oa vigae vilivyopasuka. Upepo unampiga ubavuni. Chini, fundi mwenzake Tomke Janssen ameshika ngazi na anamkaripia.

“Wee Wiebke, funga hiyo kamba! Ukianguka mimi sikuokoti!”

“Utaniokota, na watoto wangu utawalea! Nimeshaandika!”

Wanacheka. Lakini hayo si mzaha, na yamemkosanisha Wiebke na ukoo wa marehemu mumewe.

Wiebke ana miaka thelathini na minne. Mumewe, Enno, alifariki kwa saratani miaka miwili iliyopita, akamwachia nyumba ya matofali mekundu na watoto wawili: Fenja, sasa ana miaka saba, na Joris, minne. Mwezi Machi Wiebke aliteleza, kamba ikamdaka. Alining'inia dakika ishirini.

“Sikuwaza kufa,” anasema. “Niliwaza, watoto watachukuliwa na nani? Nikajijibu: Hinrich. Nikapandwa na hasira hukohuko juu!”

Hinrich ni shemeji yake, tajiri wa Hamburg, ambaye hata siku ya kuzaliwa ya Joris haijui.

Basi Wiebke aliuchapa wosia kwenye kompyuta ya karakana, ukatoka nadhifu, akatia sahihi, akaupeleka mahakamani ukatunzwe. Karani akatikisa kichwa. Huku, wosia wa kujiandikia nyumbani usipoandikwa wote kwa mkono wako, ni karatasi ya kufungia samaki.

Hapo ndipo palipouma. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilipondwa na nyundo zamani, havikunjiki. Aliandika mara saba, ulimi nje, mpaka ukasomeka: watoto walelewe na Tomke, na nyumba isiuzwe mpaka Joris awe mtu mzima. Hakimu huheshimu chaguo la mzazi, ila akiona kwamba watoto watadhurika.

Jumapili saa tisa, kwenye chai ya mama mkwe wake, Antje, aliutoa mfukoni akausoma.

“Unajichuria, mwanangu!” Antje alimaka. “Na huu ni mwandiko au kuku kaparua? Damu ni damu. Huyo Tomke ana vyumba viwili tu!”

“Viwili, Mama, na mswaki wa Joris umo humo. Hinrich ana vyumba tisa. Humo mna nini cha Joris?”

“Hinrich atakwenda mahakamani.”

“Aende! Aende na viatu vyake vya bei! Wanangu si kabati la Enno, eti mgawane baada ya mazishi.”

Antje akanyanyua birika. Hapa mgeni humiminiwa vikombe vitatu, na asiyetaka tena huweka kijiko ndani ya kikombe. Wiebke alitumbukiza chake baada ya kikombe cha kwanza. Mezani pa Antje, hilo ni tusi, na mwandishi huyu, aliyekuwa amealikwa chai, alitazama dirishani.

“Hujasikia mstari wa mwisho,” Wiebke akasema. Akasoma: kila Jumapili saa tisa, Tomke awalete watoto kwa bibi yao wanywe chai.

 Antje akakitoa kile kijiko kikombeni, akakifuta, akamimina chai ya pili.

“Hinrich nitamwambia mimi,” alisema. “Lakini mwandiko wako aibu tupu.”

Wosia sasa umefungiwa mahakamani. Juu ya paa, Wiebke anapigilia kigae cha mwisho na kueleza mpango wake.

“Joris akitimiza kumi na nane, nitakwenda kuichukua karatasi yangu. Nitakuwa mzima, na meno yangu yote. Nitaichana mbele ya karani, kwa mkono huuhuu.”