Mkanda Shingoni

Baba alikuwa amevunjika mkono wa kulia, kwa hiyo mikono yangu ikawa yake. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya boneti akaniongoza kama mtu anayekunwa mgongo: juu kidogo, hapana, kushoto, hapo hapo, sasa legeza.

Gari letu limenizidi umri. Mkanda wake wa taiming, ule unaofanya sehemu za juu na za chini za injini zizunguke kwa mwendo mmoja, ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi. Ungekatika njiani, vali zingegonga pistoni na gari lingefia hapo. Na dada yangu alikuwa anakaribia kujifungua. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa, na daktari wa hospitali ya Masafu alimwonya: huyu asizaliwe nyumbani, na wewe usipande bodaboda.

Gari la jirani lilikuwa limepeleka watu msibani Kirewa. Lilibaki letu, nalo lilikuwa wazi kifua mbele yangu.

Kabla ya kuvua mkanda nilitia alama kwenye kila gia na kwenye chuma kilicho kando yake, kwa rangi ya kucha ya dada, nyekundu. Mama alipanga bolti ndani ya sufuria ya zamani.

"Ukimaliza nipake na mimi," dada aliniambia kutoka mkekani. "Siwezi kuingia leba nikiwa nimepauka, gari limependeza."

Nikacheka, lakini miguu yangu haikutulia. Nilivua mkanda wa zamani, nikavisha mpya nilionunua jana upande wa Kenya. Ukaning'inia kama kamba ya nguo. Nikajaribu tena. Ukaning'inia tena.

"Dukani ulitaja gari gani?" Baba aliuliza.

Nikalitaja gari letu, kama alivyonituma.

Aliutazama ule mkanda ulioning'inia. Kisha akajipiga paja kwa mkono mzima. "Injini hii si ya gari hili."

Na sisi sote tulijua! Injini ya kwanza ilikufa nikiwa shuleni. Hii ilitoka kwenye gari jingine lililogongwa njia ya Tororo. Lakini tumeliita gari kwa jina lake muda mrefu hata tukasahau kwamba moyo wake ni wa mgeni.

"Usitaje jina tena," alisema. "Beba huu wa zamani. Wapime jino kwa jino."

Niliuvaa mkanda shingoni nikaondoka karibu kwa kukimbia. Kwenye foleni ya mpakani nilikuwa mtu pekee anayerukaruka, mguu huu na ule. Kijana wa baiskeli ya mizigo akaniita, "We fundi! Hiyo mukanda nakwenda kufunga ng'ombe?"

"Nakwenda kufunga mdomo yako!"

Watu wakaangua kicheko, mama mmoja akanisukuma mbele yake. "Pita, pita, huyu ana jambo."

Niliporudi na mkanda uliolingana na ule wa zamani, dada hakuwa tena mkekani. Alikuwa amesimama, ameshika mlango wa gari kwa mikono miwili, anapumua kwa mdomo. Mama alikuwa amekwisha funga kanga na beseni.

"Mwandishi," dada alisema uchungu ulipomwachia, akinitania kwa hadithi ninazoandika, "huyu hatangoja sura ya mwisho."

Mkanda mpya ulikaa sawasawa. Nikakaza. Nikanyoosha mkono kudai ufunguo.

"Izungushe kwanza kwa spana," Baba alisema. "Mizunguko miwili."

"Baba, mwangalie dada!"

"Namwona. Zungusha."

Nilizungusha kwa hasira. Injini ikasogea, ikasogea, kisha ikagoma, kigumu kikigusa kigumu. Nikachungulia: alama nyekundu ya juu ilikuwa imepishana na mwenzake kwa jino moja. Ningewasha, tungekuwa na chuma kilichokufa uani na dada yangu amekishikilia.

Nililegeza, nikarudisha jino, nikakaza. Baba akaweka mkono wake juu ya wangu, ule wa kushoto usiozoea kazi. Tukasukuma spana pamoja. Injini ikazunguka. Ikazunguka tena, laini. Nyekundu ikaikuta nyekundu.

Baba akatoa ufunguo mfukoni.

Sikumbuki vizuri njia ya Masafu. Nakumbuka sikio langu likiwa ndani ya injini, likisikiliza kila mlio, na dada nyuma akitukana mashimo, akinitukana mimi, akimwita Mama. Mlangoni pa hospitali muuguzi alimpokea kwa kiti cha magurudumu, wakapotelea ndani, Mama akiwafuata.

Mimi nilibaki nimeshika usukani, injini inanguruma. Niliogopa kwamba nikiizima, kitu fulani kitakatika huko ndani, sijui ndani ya wapi.

Jua lilikuwa limeegemea magharibi Mama alipotoka. Aligonga boneti kwa kiganja, anacheka, macho yamemvimba.

"Wewe! Unatumalizia mafuta. Zima, uje uwaone, mama na mtoto."

Nikazima.