Siku Baba Alipotuhesabu

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu mbuzi walijulikana kwa rangi zao na watu kwa majina yao, na hakuna aliyenyoosha kidole kuhesabu hawa wala wale. Ulikuwa mwiko. Mtu akikuuliza mama yako ana watoto wangapi, ulijibu, "Mungu ametujalia," basi. Kuwahesabu watoto kulikuwa sawa na kukionyesha kifo mahali wanapolala. Leo mimi ni mshirika wa kanisa, naongoza maombi ya akina mama, na najua vizuri kwamba Bwana wetu ni mkubwa kuliko miiko yote ya Nyeri. Hata hivyo wacha nikiri: karani wa sensa alipokuja kwangu, nilijifanya nina uji unaochemka jikoni nikamwacha mume wangu ajibu. Mungu anisamehe. Hata wewe msomaji sitakwambia tulikuwa wangapi.

Tulikaa karibu na Ruring'u, Uhuru ukiwa bado mpya. Baba alibeba mizigo ya wazungu waliokuja kupanda Mlima Kenya na kutembea misituni. Kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo hakuna mwingine kijijini aliyelijua: kwamba kuna watu wanaotembea siku nzima bila kwenda mahali popote. Likizo moja ya Agosti alirudi na kofia ya turubai na themosi iliyobonyea, akatangaza kwamba sisi pia tutaenda likizo ya kutembea.

"Kutembea kwenda kwa nani?" akauliza Cucu. Huyu alikuwa mama yake Baba, ambaye Baba alimwita Maitu, yaani mama, na tuliishi naye.

"Si kwa mtu, Maitu. Kutembea tu. Kuona nchi."

"Nchi hii? Hii niliyoilima mpaka mgongo ukapinda, ati sasa niende kuiona?"

Lakini alikuja. Alisema hawezi kuwaacha wajukuu wake mikononi mwa mwendawazimu. Tulipopita barabarani na vikapu vyetu, jirani mmoja aliacha kufunga ng'ombe wake, akatukimbilia.

"Githinji, pole sana. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Tuko likizo."

Yule mzee alitutazama mpaka tukapotea kwenye kona. Sisi watoto tulicheka hadi tukashika mbavu.

Usiku ule tulilala Tetu kwa shangazi yetu, na asubuhi Baba akasema tutapanda hadi pembeni ya msitu wa Nyandarua, tufuate njia ya juu. Mama alikuwa akimfunga mtoto mchanga mgongoni. Hakuinua uso. "Njia ya juu si nzuri," alisema.

"Wazungu wanaipenda kuliko zote. Unaona mlima wote."

Mama hakubishana. Hakuwa mtu wa kubishana.

Tulipovuka mto wa kwanza, Baba alisimama kwenye jiwe, akanyoosha fimbo yake na kuanza, "Moja, mbili, tatu..." Nakumbuka ncha ya fimbo ikielekea kifuani pangu. Kikapu cha Cucu kilianguka.

"Githinji! Unafanya nini?"

"Nahesabu, Maitu. Mzungu wangu huhesabu watu wake kila mto, ndiyo maana hajawahi kupoteza mtu."

"Askari walituhesabu hivyo kule kijijini tulikofungiwa wakati wa Hali ya Hatari, asubuhi na jioni, na kila walipohesabu, mtu alipungua. Sasa ni wewe? Mtoto niliyemzaa?"

"Mambo hayo yaliisha. Sisi ni Wakristo."

"Hata mimi nimebatizwa! Ubatizo haukunifanya mjinga."

Baba akacheka, akahesabu hadi mwisho. Wakati anajaza chupa ya maji, Cucu alituita nyuma ya kichaka. Uso wake ulikuwa umekauka. "Sikizeni. Akianza tena, mharibieni. Mmoja ajifiche, mwingine ahame. Hesabu ikiharibika, hakuna atakayejua ile ya kweli."

"Hata Shetani?" akauliza mdogo wangu Maina.

"Hasa huyo, mume wangu." Alimwita hivyo kwa sababu Maina alikuwa na jina la marehemu mume wake.

Basi mto wa pili ukawa sherehe. Maina alijikunyata nyuma ya Mama. Baba akahesabu, akapata pungufu, akaanza upya. Maina akatoka, mimi nikazunguka, na mara hii Baba akapata ziada. "Ati tumezaa njiani?" alisema, na Mama akacheka ameziba mdomo kwa kiganja. Mdogo wetu Muthoni, aliyekuwa ameanza tu kuota meno ya ukubwani, alimvuta Cucu nguo. "Na mimi! Na mimi nijifiche!"

"Mto ujao ni wako, mama," Cucu akamwambia.

Njia ya juu ilifuata ukingo wa msitu, na kando yake kulikuwa na magugu marefu kuliko mtu mzima. Jua lilikuwa zuri. Baba alitangulia akiimba. Alipoona kijito mbele, aligeuka na kutuambia, "Pale nitahesabu, na sitaki mchezo."

Tulivuka kwa gogo mmoja mmoja. Baba akahesabu. Pungufu. Akahesabu tena. Pungufu. Sisi watoto tukaangua kicheko, kwa kuwa tulijua ni zamu ya nani.

"Muthoni, nimekuona!" Baba alipaza sauti akiangalia sketi ya Cucu, ingawa hakuwa ameona kitu. Cucu akavuta shuka lake na kutazama juu kama mtu anayeangalia mawingu. "Haya," Baba akasema, "hesabu ni yenu. Twendeni."

Tukaenda. Mimi nilidhani Muthoni yuko nyuma ya Cucu. Cucu alidhani amezunguka akamkimbilia Mama. Na Mama, aliyekuwa mbele, alisikia watoto wakicheka nyuma yake, na mama akisikia hivyo huwa hageuki.

Tulitembea mpaka jua likawa utosini, tukakaa kwenye nyasi chini ya mwerezi. Mama alikata mkate akaugawa akituzunguka, mkono hadi mkono. Alipomaliza, kipande kimoja kilibaki mkononi mwake. Alikitazama.

"Hiki ni cha nani?"

Maina alikuwa tayari anatafuna.

"Cucu, Muthoni si yuko na wewe?"

"Si nilimwona na wewe?"

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile. Nimezika wazazi, nimeona nyumba ikiungua. Lakini sijawahi tena kuona uso wa mtu ukibadilika kama ulivyobadilika uso wa Baba akiwa na chai ya themosi mdomoni. Aliinuka na chai ikammwagikia kifuani, na hakuihisi.

Tulirudi tukikimbia. Tulimwita mpaka sauti zikakauka. Nyani mmoja akabweka mbali, na mimi nikaanza kulia. Kwenye kijito hakukuwa na mtu. Baba aliingia majini na nguo zake, akawa anapapasa chini ya gogo. Cucu alipiga magoti kwenye matope.

"Ni mimi," alisema. "Mimi nilimwambia mto huu ni wake. Nimemla mjukuu wangu kwa mdomo wangu."

"Hapana, Maitu. Ulinikataza. Ni mimi niliyehesabu."

"Nyamaza! Nimesema ni mimi!"

"Ni mkono wangu huu, Maitu, mkono wangu huu!"

Watu wawili waliokuwa wameshindana tangu asubuhi sasa waligombania kosa kama watu wanaogombania chakula. Ndipo Mama akanipa mtoto mchanga, akasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Nyamazeni nyote wawili! Nataka kusikia."

Kwetu mke wa mtu hamwambii mama mkwe anyamaze. Cucu alifunga mdomo wake mara moja, kama mtoto.

Mama alisimama ameinamisha kichwa. Maji yalikuwa yakipita. Kisha, chini, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na chini, nikasikia kwikwi. Moja tu.

Mama hakukimbia. Aliingia kwenye yale magugu akiweka nyayo polepole, mkono mmoja mbele, akijisemea, "Hapa linapinda. Hapa tuliacha jiwe." Baba alitaka kumpita, Mama akamshika nguo. "Utaanguka. Hulijui. Wewe hukuwepo."

Akayatenga majani, na miguuni pake ardhi ikawa imeisha. Lilikuwa handaki. Watu wa rika langu watalikumbuka: lile refu lililochimbwa kando ya msitu wakati wa vita vya Uhuru, ili wapiganaji waliokuwa msituni wasipate chakula, na chini yake yakasimikwa mianzi iliyochongwa. Baba alikuwa kizuizini miaka hiyo. Alisikia limefukiwa, akaamini. Waliolazimishwa kulichimba ni wanawake wa vijiji vile, Cucu na Mama wakiwemo.

Mama alishuka akiweka miguu kwenye vishimo ambavyo mimi sikuviona. Nilichungulia. Natamani nisingechungulia. Mianzi mingi ilikuwa imeoza, lakini mmoja haukuwa umeoza, na ulikuwa umepita kwenye mguu wa Muthoni, juu ya goti, ukatokea upande wa pili. Macho yake yalikuwa wazi. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mama," alinong'ona, "Baba amemaliza kuhesabu?"

Hakuwa amejibu tulipomwita kwa sababu alidhani bado ni zamu yake.

Baba alilia kama mnyama. Mama hakulia. Aliuvunja ule mwanzi chini kwa jiwe, akaacha kipande ndani ya mguu, akamfunga kwa leso yake, na Baba akamvuta juu. Baba alikimbia naye mpaka barabarani, na lori la magogo likatupeleka hospitalini Nyeri. Wakamwingiza ndani. Hakuna aliyetuambia kama atapona, na kila mlango ulipofunguka Baba alisimama, kisha akakaa.

Jioni nesi mmoja mwenye uso mwema alikuja kukaa karibu na Mama. Alituona tulivyobanana kwenye benchi, akataka, nadhani, kumtoa Mama mawazoni.

"Ataishi, mama. Atachechemea, lakini ataishi. Kwani uko na watoto wangapi?"

Nilimtazama Cucu nikingoja apige kelele. Hakupiga. Na Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akitaja hesabu yetu, akaitaja, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Haikuwa yetu. Ilituzidi kwa mmoja.

"Mama amekosea," Maina akaninong'oneza. Nikamgeukia Baba ili amsahihishe, yeye bingwa wa kuhesabu. Baba alikuwa ameinama, anatazama sakafu.

Cucu alinishika mkono akanitoa nje kwenye ukuta. "Hakukosea," alisema. "Alikuwepo mmoja kabla yako. Alikuwa mgongoni mwa mama yako tukichimba lile shimo. Baba yako alipochukuliwa, mtoto alikuwa bado tumboni. Ilikuwa baridi na hatukuwa na maziwa. Siku moja mama yako alimshusha ili amnyonyeshe, na hakukuwa na wa kunyonya. Askari akamwambia aendelee kuchimba."

"Aliitwa nani?"

"Wangeci. Aliitwa mimi."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo lililonisumbua tangu nijue kuhesabu vidole. Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama yake baba, na wa pili la mama yake mama. Mimi niliyejiona kifungua mimba naitwa Wairimu, jina la nyanya yangu wa upande wa Mama. Sikuwa wa kwanza. Nilisimama pale ukutani kama mtu aliyepigwa kofi, nikimtazama bibi huyu ambaye jina lake lilikuwa limezikwa angali hai.

Tulipotoka hospitalini kwenda nyumbani, Baba hakutangulia kama kawaida yake. Alitembea kando ya Mama, kofia mkononi. Nilikuwa nyuma yao na mtoto mchanga, nikamsikia akiuliza, kwa sauti ndogo, swali ambalo nadhani hakuwa amethubutu kuliuliza miaka yote ile.

"Alifanana na nani?"

Mama aligeuka akamtazama. "Na wewe," akasema. "Masikio hasa." Kisha akaendelea kumweleza, na aliendelea mpaka tukafika Ruring'u.

Muthoni ni nyanya sasa, ana duka la vitambaa mjini Kenol, na akichoka mguu huo humsumbua. Hamlaumu mtu. Mimi ndiye ninayebaki na maswali. Nimesikia mhubiri akisema juu ya mfalme aliyehesabu watu wake, Mungu akakasirika. Na Jumapili nyingine juu ya mchungaji aliyejua kwamba kondoo mmoja hayupo, na angejuaje bila kuhesabu? Nilikaa kwenye kiti nikashindwa kuamua kati ya Baba na Cucu, na sijaamua. Wote wawili walitaka tufike nyumbani sote.

Zamani nilidhani mwiko ule uliwekwa kwa kuogopa masikio ya kifo. Siku hizi nadhani uliwekwa na wanawake, na uliwekwa kwa huruma. Walijua kwamba karibu kila mmoja wao ana hesabu mbili, na wakakubaliana kwamba pasiwe na mtu wa kumsimamisha mwenzake njiani na kumlazimisha achague moja. Kama nimekosea katika hili, Bwana atanisahihisha. Lakini akina mama wanapokuja kwangu kuombewa, siwaulizi wana watoto wangapi. Nawaambia wanitajie majina, na akitaja jina kisha akanyamaza kidogo kabla ya lile linalofuata, namwachia muda wake.