Mshipi Ambao Mwanamume Mwingine Alimwekea Mke Wangu

Admin, jina langu lisionekane popote, maana mke wangu anafuata hii page na dada zake pia. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na nane, mzaliwa wa Vihiga, karani kwenye stoo ya mahindi hapa Eldoret. Tunaishi mtaa wa Pioneer na mke wangu, nitamwita Mama Sifa, na watoto wetu wawili. Tumeoana miaka tisa. Sinywi, sipigi mtu, jioni niko nyumbani. Lakini nina wivu, na wivu wenyewe ni wa mshipi wa suruali. Chekeni kwanza mmalize.

Mke wangu anafanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki moja mjini. Mwaka jana waliruhusiwa kuvaa suruali, naye akapenda hizi za michoro. Ana ya maua, ana ya drafti, na moja imejaa ndege wadogo wadogo. Zinampendeza, siwezi kudanganya. Kazi ya suruali kama hiyo ni kuipatia mshipi unaoendana nayo. Ukikosea, unaonekana umejifunga pazia. Yeye hakosei, na mimi nilidhani ni kipaji chake, mpaka siku niliposhika simu yake nimwekee mtoto katuni, ukaingia ujumbe.

"Mama Sifa, nimefungua bale leo. Nimekuwekea belti ya brown, ile nyembamba. Itatoka poa na ile suruali ya maua."

Mtumaji ni jamaa wa mitumba mwenye kibanda karibu na soko. Nitamwita Kim. Mtu wa mitumba akifungua bale, lile furushi kubwa la mitumba, vitu vizuri havifiki mezani. Anavificha chini kwa wateja wake wa karibu. Hilo najua, hata mimi nimewahi kuwekewa viatu. Kilichoniuma ni hiyo "ile suruali ya maua". Anaijuaje? Nikasoma jumbe zote za nyuma, ndiyo, zote, na sikupata neno la mapenzi hata moja. Ni mishipi tu. "Hiyo ya drafti usivae na nyeusi." "Wewe ni thirty-two, hiyo itakufinya." Afadhali ningepata mapenzi, ningejua pa kuanzia. Miaka tisa na huyu mwanamke, na sikujua kiuno chake ni namba ngapi.

Jumamosi nikamnunulia mshipi mimi mwenyewe, supamaketi, mpya kabisa, mweusi, chuma cha mbele kinang'aa. Akasema, "Asante, Baba Sifa." Jumatatu akauvaa nikimwangalia. Jioni nikamwona akishuka kwenye bodaboda na ule wa brown kiunoni. Wangu niliuona alipofungua mkoba wake, umekunjwa vizuri. Nilinuna siku tatu nikisingizia malaria.

Siku ya nne nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kwa Kim kugombana. Nilitarajia kijana mtanashati. Nikakuta mwanamume wa makamo mwenye sweta, anapaka mshipi mafuta kwa kitambaa. Nikamwambia, "Mimi ndio mume wa Mama Sifa."

Akafurahi, akanipa mkono. "Karibu, Mzee. Hiyo belti umevaa imekukaa vizuri. Nilimwambia Mama Sifa, mzee kama ni mtu wa khaki, atafutiwe brown imeiva."

Nikainama kuangalia kiuno changu. Ule mshipi mke wangu alinipa Krismasi, na nimesifiwa nao mpaka kanisani. Kumbe nao alichagua Kim.

"Na kwa nini wewe ndio unachagulia bibi yangu belti?" nikamuuliza.

Hakukasirika. "Boss, siku ya kwanza alikuja hapa na hiyo suruali ya maua kwa mfuko na belti mbili mkononi. Akaniuliza ni gani inaenda nayo. Nikamwambia, si uulize mzee kwa nyumba? Akasema, nilimuuliza, akasema zote ziko sawa."

Hiyo siku naikumbuka. Alisimama mbele ya TV na mshipi kila mkono, na mimi nilikuwa naangalia mpira. Nilimwambia zote ziko sawa, kisha nikamwambia asogee.

Kim akatoa mshipi mwingine chini ya meza, wa kijani, wa ile suruali ya ndege. "Hii nilikuwa nimemwekea. Mpelekee wewe." Nikaubeba. Una wiki mbili sasa kwenye droo yangu kazini. Nikimpa, ni Kim amechagua, mimi nimebeba tu. Nikikaa nao, siku moja Kim atamuuliza kama ulimfikia. Na nikimkataza kwenda pale, nitamkataza kwa kosa gani?

Leo asubuhi alivaa ile ya ndege. Akasimama mbele ya kioo na mishipi miwili, mmoja kila mkono. Mimi nikasimama mlangoni na kikombe changu cha chai. Nilikuwa na jibu tayari: ule mwembamba, wa mkono wa kulia. Nilingoja aniulize mpaka chai ikapoa. Akaniona kwenye kioo, akatabasamu, akasema, "Enda, utachelewa kazi." Akavaa ule wa kulia, akachukua mkoba, akatoka.

Ndugu zangu, na hasa nyinyi wanawake, naomba mniambie ukweli hata kama ni wa kuuma. Mke akishaacha kukuuliza, unafanya nini ili aulize tena?