Kioo Ambacho Hakijatoka

Hili halikuzuliwa barazani. Lilinipata mimi, hapa Mambrui, mwaka huu. Kama huamini usiamini, ila nisikilize hadi mwisho.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Shule niliiacha mapema, nikauza nazi Magarini, nikapaka rangi nyumba za watu Matsangoni, lakini kitu chochote chenye umeme lazima nikijue kinafanyaje kazi. Kwa muda mrefu nilikuwa nikifuatilia kioo kimoja cha kuchezea gemu ambacho hakijaingia madukani. Wanasema hubadilisha picha mara mia tano kwa sekunde. Bei yake ni ya pikipiki. Nikawa najiuliza, jicho la binadamu litaiona tofauti hiyo, au tunauziwa upepo?

Jioni moja, jua likizama, nilikuwa nikitazama video zake kwenye simu. Mtu akasimama mbele yangu. Kanzu safi, viatu havina hata vumbi, na mchanga wa Mambrui unaujua.

"Wataka kununua, au watamani tu?" akauliza.

"Nakipima kwanza."

"Utapimaje kitu hujakiona? Njoo, mimi ninacho."

Ungekuwa wewe, usingeenda? Nikamfuata hadi chumba cha uani cha nyumba moja ya zamani. Kioo kilikuwa juu ya meza. Niamini, nilitafuta waya kwanza. Haukuwepo.

Kikawaka. Mchezaji alikimbia na mpira, laini kama mafuta yakimiminwa. Kisha nikaanza kuona kitu kati ya picha na picha, pale ambapo vioo vyetu vya kawaida huruka. Mtu ameketi, amenipa mgongo, pedi ya gemu mkononi, bega la kushoto limeinama. Kaka yangu Bakari aliinama hivyo akikaribia kufunga bao. Bakari tulimzika.

Akaniita kwa jina, bila kugeuka.

Sisi wa pwani tunafunzwa utotoni: ukiitwa magharibi na uso wa anayekuita huuoni, nyamaza hadi uitwe mara ya tatu, maana asiye binadamu hafiki mara tatu. Nilijua. Lakini sauti ile nilikuwa sijaisikia tangu lini?

"Labeka, kaka," nikasema.

Kioo kikazima. Mwenye kanzu akacheka kidogo, kama muuzaji aliyepata mteja. Adhana ilipoanza nilikuwa peke yangu kwenye gofu lisilo na paa, nimesimama juu ya mavi ya mbuzi.

Tangu siku hiyo watu wakipita njiani nawaona wakirukaruka, kama picha iliyokwama. Nilimweleza mama, nikingoja kutukanwa na kufukiziwa ubani.

"Alikuwa amekonda?" akauliza.

"Sikumwona uso, mama."

"Ungemwambia ageuke, mwanangu."

Sasa mama yangu, ambaye hata simu huwashiwa na jirani, kila asubuhi ananiuliza kama kile kioo kimetoka. Namwambia bado. Mbuzi wake ameshawauza.

Wewe unayekisubiri, pima ukubwa, pima bei, ni haki yako. Lakini kama kuna mtu uliyemzika na hujamaliza kumlilia, usikiwashe jioni. Na kwa vyovyote vile, usimwambie mama yako.