Hyasinta Ghorofa ya Nne

Tangu kiharusi kimlaze mumewe Athanas, Hyasinta hakuwa ametia mguu kanisani. Chumba chao kilikuwa ghorofa ya nne, Kariakoo, na hakukuwa na mtu wa kumwachia mgonjwa. Akisogea dirishani alisikia vipaza sauti vya wauza nguo, akatamani angalau kusukumana na watu kule chini.

Jumapili moja wanajumuiya wa kanisa lake walipanda kusali naye. Mama Bryson, mwenyekiti wao, akasimulia jinsi Mtakatifu Teresia alivyorushiwa maji machafu na mtawa mwenzake wakifua, asijifute, akaendelea kufua kwa upendo.

“Utakatifu ni hayo hayo madogo, mwanangu.”

“Teresia aliomba mwenyewe kufungiwa kule ndani ya monasteri, mama,” Hyasinta akamjibu. “Mimi nani aliniuliza?”

Wakasali, wakashuka.

Jioni Athanas alimwagia uji shuka zima, akaanza kulia. Siku zote Hyasinta alimfuta huku akisonya, na Athanas akitazama ukutani. Safari hii aliumeza msonyo wake, akaketi kitandani.

“Haya, geuka baba, tubadilishe.”

Bado alitamani kushuka zile ngazi asirudi. Lakini Athanas alipomshika mkono, hakuutoa.