Udongo Ulioteremka kwa Shemeji

Mvua moja tu iliondoka na nusu ya shamba la Mama Viazi. Jina hilo alipewa kwa sababu tangu afiwe na mumewe, viazi ndivyo vilivyosomesha watoto wake, kule juu mlimani ambako hata mbuzi hupita kwa tahadhari. Asubuhi alikuta mwamba mtupu mahali palipokuwa na matuta. Udongo wote, pamoja na choo chake cha mabati, ulikuwa umeporomoka hadi kwenye shamba la shemeji yake, mdogo wa marehemu.

Mwanawe akapiga simu kutoka mjini. "Mama, basi tena. Njoo ukae na sisi, upumzike."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Shamba lenyewe si limekwisha?"

"Halijakwisha, limehama. Naenda kulirudisha." Akakata simu.

Akateremka na kikapu na koleo. Shemeji alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Shemeji, udongo ukishafika kwangu ni wangu. Mimi sikuuita."

"Haya. Basi na choo ni chako, pamoja na kilichomo."

Majirani waliokuja kutoa pole walicheka hadi wakashika mbavu. Shemeji alijikaza asicheke, akashindwa, akampisha.

Mama Viazi alianza na kuta za mawe, ili udongo upate pa kujishikiza, kisha akaupandisha kikapu kwa kikapu. Magoti yakawaka moto, akayachua, akaendelea. Watu wakamwambia anajitesa bure, mvua itauteremsha tena.

"Na mimi nitaupandisha tena. Tuone nani atachoka kwanza."

Siku moja shemeji akatokea na punda wake, akaanza kumpakia udongo. Mama Viazi akashika kamba ya punda, akatangulia.

Hawakuufikisha wote. Sehemu ya juu kabisa, alikoanzia kulima na mumewe, imebaki mwamba hadi leo, na akipita hapo huangalia pembeni. Mvua iliyofuata ilibomoa ukuta mmoja. Kuta nyingine zikabaki zimesimama.

Msimu wa mavuno mwanawe alifika na gari la kukodi, amchukue yeye na vyombo vyake. Akamkuta ameinama shambani, mikono imejaa udongo.

"Afadhali umekuja na gari," mama alisema. "Pakia magunia uyapeleke sokoni. Mimi sina safari."

Kijana akayatazama magunia, akamtazama mama yake, kisha akakunja mikono ya shati.