Nilipoulizwa Maharage Yametoka Wapi

Kijiji chetu kilikuwa ukingoni mwa hifadhi, kusini mwa Mpanda, pale barabara ya Sumbawanga inapovuka mto. Siku hizo tulikuwa bado mkoa wa Rukwa. Mtu aliyetoka Dar es Salaam alitufikia akiwa amechoka hadi sauti, lakini wazungu walikuja. Walikuja kiangazi, kwa ndege ndogo au kwa Landrova, kutazama viboko waliojazana kwenye madimbwi ya mwisho ya mto. Kwa miezi ile michache kijiji kizima kilikula kwa sababu yao. Kambi ya watalii ilichukua wanaume wa kuchota maji, kukata kuni na kufua mashuka. Kuku kambi iliwanunua kwetu, mayai kwetu, mkaa kwetu. Hata asiyekuwa na kazi pale alikuwa na shemeji yake pale.

Mimi nilikuwa mama ntilie. Nilikuwa na kibanda cha nyasi kando ya barabara, chenye meza mbili. Sikuwahi kumpikia mtalii hata mmoja, kwa kuwa wao walikuwa na wapishi wao. Niliwapikia wanaowahudumia: madereva, mafundi, na wafanyakazi wa kambi siku yao ya mapumziko. Nilipika wali, ugali, samaki wakavu wa Ziwa Rukwa, na maharage. Watu walikuja kwa ajili ya maharage.

Maharage hayo niliyanunua kwa jirani yangu wa nyuma. Alikuwa Mrundi, aliyekimbia kwao akiwa msichana mdogo na kulelewa kwenye makazi ya wakimbizi upande wa pili wa Mpanda. Alitoka huko kwa kibali, akaja kulima kwetu na binti zake wawili. Kibali kilikuwa kimekwisha muda wake siku nyingi. Kila mtu alijua na hakuna aliyeuliza, kwa sababu alikuwa mkulima hodari na hakuwa na maneno. Mimi aliniita dada. Jioni tulikuwa tukichambua mboga pamoja kwenye kizingiti changu, yeye akinicheka ninavyokata vibaya.

Mwaka ninaousema ni ule uliotangulia mvua kubwa zilizobomoa madaraja. Redio ilikuwa ikitaja kipindupindu kila siku: mikoa, nchi jirani, watu kadhaa huku, watu kadhaa kule. Tuliisikiliza kama tulivyosikiliza vita vya Zaire, tukipunguza sauti ili kutunza betri.

Mume wangu alikuwa akienda ziwani kwa baiskeli kununua samaki. Siku moja mchana alirudi akiikokota baiskeli, uso umekuwa wa majivu. Hakufika chooni. Kilichomtoka kilikuwa maji matupu, meupe kama ya kuoshea mchele, na hakikukoma. Nilimwita jirani. Aliingia, akachungulia kwenye ndoo.

"Hii naijua," alisema. "Tulipofika makazini mara ya kwanza ilitumaliza."

Alirudi kwake akaleta sukari yake yote na chumvi. Akachemsha maji, akapima kwa kiganja, akamnywesha mume wangu kijiko kwa kijiko. Akitapika, anaanza tena. Siku mbili alishinda kwangu, shamba lake likiliwa na ngedere. Siku ya tatu mume wangu akaomba uji.

Hapo ndipo aliponiambia, akinawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko: "Dada, vyombo vyote chemsha. Mashuka usiyapeleke mtoni. Na kibanda funga, wiki moja."

"Wiki moja katikati ya msimu?"

"Wiki moja tu."

Nilikubali kwa mdomo. Mashuka niliyafua mtoni asubuhi ile ile, kwa sababu kisima kilikuwa mbali na mgongo uliniuma. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ambayo wafanyakazi wa kambi walitoka. Nilijiambia kwamba mume wangu amepona, kwamba mikono yangu ni safi, kwamba nikifunga watazoea kula kwingine. Nilifungua kibanda.

Saa nne akapita bwana afya kwa pikipiki, na mfuko wa dawa ya kusafishia maji ya kunywa. Alikuwa akiuliza nyumba kwa nyumba.

"Mama, hapa hakuna anayeharisha?"

"Hakuna. Baba watoto tu, ana malaria."

Jirani yangu alikuwa nyuma ya kibanda akitwanga kisamvu. Mchi wake ulinyamaza. Bwana afya aliandika kitu kwenye daftari, akaniachia dawa, akaondoka. Mchi ukaendelea.

Siku ile watu wengi walikula kwangu. Mmoja wao alikuwa dobi wa kambi, kijana mrefu kutoka Inyonga, ambaye kila Jumamosi aliniomba ukoko wa wali na kuuweka juu ya maharage. "Mama, usimpe mwingine," ndivyo alivyokuwa akisema. Nilimpa.

Jumanne tulisikia dobi anaumwa. Walimpakia kwenye gari kumkimbiza hospitali ya Mpanda. Alifia njiani. Wenzake wawili waliugua wakapona. Alhamisi ndege ndogo ilikuja mara mbili, ikawachukua wageni wote na mabegi yao. Meneja akawapanga wafanyakazi mstari mmoja na kuwaambia msimu umekwisha, kila mtu aende kwao. Ilikuwa bado Agosti.

Habari zilienea kwa kampuni zote. Magari ya watalii yalipita kwetu yamefunga vioo, na baada ya wiki hata hayo hayakupita tena. Mtu asiyeishi kwa wageni hawezi kuelewa jinsi kimya kile kilivyokuwa. Kuku walizeeka uani bila mnunuzi. Msichana wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, aliyekuwa amechaguliwa kwenda sekondari, alibaki akisaga mahindi kwa sababu baba yake ndiye aliyekuwa akikata kuni za kambi. Vijana kadhaa walikwenda Inyonga kutafuta vibarua vya tumbaku. Wengine waliingia hifadhini kutafuta nyama, na mmoja alikamatwa akafungwa. Mama yake alikuwa akipita kibandani kwangu kunisalimia. Kila alipopita nilijishughulisha na moto.

Kijijini kwenyewe waliugua watu tisa au kumi. Walikufa wawili, mzee mmoja na mtoto mchanga. Bwana afya alisema huenda ni mto, maana sote tulikunywa humo. Huenda. Nimelishika neno hilo kwa miaka mingi, na halijawahi kunitosha.

Kisha uliitishwa mkutano darasani, shuleni. Watu walikuwa na hasira na walitaka mahali pa kuiweka. Mhudumu mmoja wa kambi, rafiki wa marehemu dobi, alisimama akasema wote watatu walioumwa walikula kwangu. Darasa likageuka kunitazama. Mume wangu alikuwa ameketi pembeni, amekonda, anatazama sakafu.

Mwenyekiti aliniuliza kwa upole kabisa: "Mama, hayo maharage yako yanatoka wapi?"

Ningeweza kusema mengi. Jibu nililolitoa lilikuwa la kweli.

"Nanunua kwa jirani yangu."

"Yule Mrundi?"

"Ndiyo."

Nikaketi. Sikusema neno jingine, na halikuhitajika. Mmoja alisema wakimbizi ndio waliouleta ugonjwa. Mwingine akasema alishamwona akitoa ndoo za uchafu. Zile ndoo zilikuwa za nyumbani kwangu. Mtu akauliza kama ana kibali. Jirani yangu alikuwa amesimama mlangoni na binti zake. Nilisubiri aseme. Alijua kila kitu: siku, saa, rangi ya maji. Alinitazama mara moja tu, akafunga khanga yake vizuri, akatoka.

Siku tatu baadaye lori la serikali lilikuja kumrudisha makazini. Mazao yake yalibaki shambani. Nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo, sijui nilikuwa na uso gani.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza. Mimi ndiye niliyemuuliza yeye.

Alikuwa akifunga sufuria kwa kamba. "Nani angeniamini? Ningesema, wangesema nakusingizia, halafu wangenipiga." Akakaza fundo. "Na wewe una watoto."

"Wewe pia una watoto."

"Ndiyo," alisema. "Mimi pia."

Binti yake mdogo alinipungia mkono kutoka juu ya lori, kwa sababu hakuna aliyemwambia asinipungie.

Watalii walirudi, si msimu uliofuata bali ule wa baada yake, wachache. Kibanda changu hakikusimama tena. Tulihamia Mpanda mjini, Nsemulwa, mume wangu akaanza kuuza vipuri vya baiskeli. Mwaka huo nilipata lifti ya lori, nikaenda makazini kumtafuta. Nilimkuta shambani kwake, maharage yamestawi kama kawaida yake. Alinipa kigoda na maji ya kunywa. Nilimwambia niliyokwenda kumwambia. Nililia. Aliniacha nilie hadi nikamaliza.

"Nimesikia," alisema. "Sasa nenda ukawaambie wale."

"Nani?"

"Waliokuwa darasani."

Nilimwahidi. Nilirudi nikamweleza mume wangu, naye akaniomba nisifanye hivyo. Alisema walioondoka wameondoka, na sisi bado tuna ndugu kule. Sikubishana naye sana. Ukweli ni kwamba nilifurahi kukatazwa.

Nilirudi kijijini mara moja tu, kwenye msiba wa mwenyekiti yule. Nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima kutoka Mpanda nilikuwa nikiyapanga maneno, kwamba nitaomba nafasi baada ya maziko, nitasimama, nitasema. Wanawake walinipokea kwa furaha, wakaniweka kwenye mkeka karibu na masufuria. Tukaanza kukumbushana ya zamani: kambi, ndege, dobi wa watu na ukoko wake. Mama mmoja aliyekuwa akichambua mchele akatikisa kichwa.

"Wale wakimbizi walitumaliza, jamani."

Wote waliitikia. Kikombe cha chai kilikuwa mkononi mwangu. Nilikiinua, nikanywa, nikaomba niongezewe sukari.